Jirani zetu Waislamu wawemo katika safari za wanawake wa kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe rai yangu kuhusu safari za akina mama wa makanisa yetu kwenda ng'ambo, hususan zile za Ujerumani, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa sehemu ya maisha ya sharika za Kilutheri hapa Tanga na kwingineko nchini. Rai yenyewe ni kwamba kila msafara wa wanawake wa kanisa unaokwenda nje kwa madhumuni ya kujenga maelewano ya dini na kubadilishana utamaduni utenge nafasi kwa wanawake wa Kiislamu ambao ni majirani zetu, nao washiriki tangu kikao cha kwanza cha maandalizi mpaka siku ya kutoa taarifa kwa waliotutuma. Nimewahi kuwamo katika misafara hiyo, na mara nyingi zaidi nimekuwa miongoni mwa wanaowapokea wageni wanapokuja kwetu, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu na yamenikaa moyoni kwa muda mrefu.

Uhusiano huu si wa jana. Wamisionari wa Kijerumani walianza kazi mjini Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata wakapanda hadi Mlalo katika milima ya Usambara, na kazi yao ikaja kujulikana kwa jina la Bethel. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 na kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mawasiliano na Wajerumani hayakukatika. Yaliendelea kwa barua, kwa wauguzi na walimu, halafu kwa utaratibu wa urafiki baina ya sharika za huku na sharika za kule, ambapo kila baada ya miaka kadhaa upande mmoja huutembelea mwingine. Mwaka 1996 misioni ya mji wa Wuppertal huko Ujerumani, ijulikanayo kwa kifupi kama VEM, iligeuka kuwa jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na dayosisi zetu kadhaa ni wanachama wake kamili. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi bado wanadhani kwamba anayelipa nauli ndiye mwenye safari. Sivyo. Tunakwenda kule tukiwa wanachama wenye sauti, na orodha ya majina ya wasafiri huandikwa na kamati zetu wenyewe.

Ratiba za safari hizo zinafanana. Wasafiri hulala katika nyumba za waumini, huhudhuria ibada, huimba, hutembelea chekechea, nyumba za wazee na vituo vya wakimbizi, na alasiri huketi katika ukumbi wa usharika kwa kahawa na keki. Siku hizi limeongezeka jambo jingine: wenyeji huwapeleka wageni msikitini. Hili lina sababu zake. Mwaka 1961 Ujerumani ya Magharibi ilitiliana saini na Uturuki mkataba wa kuajiri wafanyakazi, na maelfu kwa maelfu ya Waturuki wakaenda kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya bonde la Ruhr. Baadaye wake zao na watoto wakawafuata, na wajukuu wao wengi leo ni raia wa Ujerumani. Utafiti wa idara ya serikali inayoshughulikia uhamiaji, uliotolewa mwaka 2021, ulikadiria kwamba Waislamu nchini humo ni kati ya milioni 5.3 na milioni 5.6. Tangu mwaka 1997, kila tarehe 3 Oktoba, ambayo ni sikukuu ya muungano wa nchi yao, misikiti mingi hufungua milango kwa yeyote anayetaka kuingia na kuuliza. Katika mtaa wa Marxloh mjini Duisburg, msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2008 ulijengwa pamoja na ukumbi ambamo watu wa imani mbalimbali hukutana.

Hapo ndipo safari yetu inapopata uzito, na hapo ndipo tunapopungukiwa. Katika kumbi nilizokaa, baada ya nyimbo kwisha na vitenge kusifiwa, lilifika swali moja: mnaishije na Waislamu? Baada ya makanisa kuchomwa moto Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba mwaka 2012, swali hilo liliulizwa kwa wasiwasi zaidi, na wenyeji walikuwa na haki ya kuuliza kwa kuwa habari zilikuwa zimewafikia. Nimesikia wenzangu wakilijibu kwa namna mbili. Wapo waliosema kwa ufupi kwamba Tanzania ni nchi ya amani, wakaketi. Wapo pia waliosimulia hofu, wakayaeleza ya Mbagala kana kwamba ndiyo maisha yetu ya kila siku, kwa sababu waliona kwamba simulizi ya namna hiyo husikilizwa kwa makini na kwa huruma, na pengine hufungua mifuko. Jibu la kwanza halimfundishi mtu chochote. La pili ni kumsengenya jirani aliyebaki akituangalizia nyumba na watoto, tena kumsengenya katika nchi ambayo mwanamke aliyejifunika kichwa huweza kutazamwa kwa jicho baya barabarani. Niliumia nilipolisikia, na naumia hata sasa ninapoliandika.

Tulipofika msikitini upungufu wetu ulikuwa wazi zaidi. Tulipokewa na akina mama wa makamo na vikongwe waliokwenda Ujerumani kuwafuata waume zao, wakatupa chai ya rangi katika bilauri ndogo, wakatuuliza maswali ya watu wanaojua maisha. Jirani Mkristo akifiwa, Mwislamu huingia ndani akapika? Mtoto wa Kikristo hula futari? Tulijibu kwa furaha, nao wakastaajabu, na mwenyeji wetu Mjerumani aliyetusindikiza akasema kwamba amekaa mtaa mmoja na akina mama wale tangu ujana wake, na siku ile ndiyo kwanza amevuka kizingiti chao. Lakini walituuliza pia mambo ambayo hatukuweza kuyajibu vema: wanawake wa Tanga huenda msikitini kusali tarawehe au husali nyumbani, madrasa za wasichana zinaendeshwaje, mjane aliye katika eda anaishije ikiwa riziki yake ni ya sokoni. Tulikuwa tukikisia. Tukawa tunawaeleza Waislamu habari za Waislamu, na waliostahili kueleza tulikuwa tumewaacha nyumbani Ngamiani na Chumbageni, bila ya kamati yoyote kuwafikiria.

Jambo hili la kusemewa si dogo. Akina mama wengi wa makanisa wanaifahamu Siku ya Maombi ya Dunia, inayoadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi Machi, ambapo ibada inayotumika ulimwenguni kote huandaliwa na wanawake wa nchi moja. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya wanawake Wakristo wa Palestina, nao walichagua maneno ya waraka kwa Waefeso, "mkichukuliana katika upendo". Ibada hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa vita vya Gaza vilipozuka mwezi Oktoba mwaka 2023, na kamati ya Ujerumani ikaifanyia marekebisho kabla ya kuipeleka katika sharika. Siingii katika hoja za kila upande, kwa maana zilikuwa nzito na waliozitoa walikuwa na uchungu wa kweli. Ninachosema ni kwamba maneno ya mwanamke yakisafiri bila mwenyewe kuwapo, hata watu wanaomtakia mema hulazimika kuamua kwa niaba yake lipi lisomwe na lipi liachwe. Sisi tunao uwezo wa kuyasafirisha maneno ya jirani pamoja na jirani mwenyewe.

Na anayo mengi ya kusema, kwa sababu ujirani wa mji huu ni elimu ambayo wenzetu wa Ulaya wanaitafuta kwa semina. Hapa Tanga msiba ukitokea hakuna anayeuliza dini kabla ya kuchukua mkeka na sufuria. Marehemu akiwa Mkristo, majirani wa Kiislamu huja kumenya vitunguu na kukesha na wafiwa. Akiwa Mwislamu, sisi hufika mapema zaidi kwa kuwa maziko yao hayangoji, na tunajua kwamba kumwosha maiti ni kazi ya wenye dini yao na kuteka maji ni kazi yetu sote. Harusi au kipaimara kikikaribia, ng'ombe na kuku huchinjwa na Mwislamu ili kila mgeni ale bila shaka moyoni, na mpango huo hufanywa na akina mama siku nyingi kabla, pamoja na kuangalia kwamba chakula hakiandaliwi saa ya sala ya Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani watoto wetu wanaijua nyumba yenye uji wa pilipili manga na nyumba yenye tambi, na Krismasi sinia za pilau huvuka barabara kwenda upande wa pili. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na michezo ya upatu vina wanachama wa dini zote, na hakuna mwanamke anayeweka fedha yake kwa mtu asiyemwamini. Ziko familia, hasa za Bonde na za Usambara, ambamo bibi mmoja ana wajukuu wanaokwenda madrasa na wengine wanaokwenda shule ya Jumapili, na wote hulala chumba kimoja wakati wa likizo. Serikali haijauliza dini ya mtu katika sensa tangu mwaka 1967, nami naona ilifanya vema. Akina mama wa mtaa wanaijua dini ya kila mlango na hawajapata kuihitaji takwimu hiyo.

Ujirani huu hata hivyo una taabu zake, na sipendi upelekwe ng'ambo ukiwa umeondolewa makovu. Mwezi Februari mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje mnyama ulifika mahali pabaya huko Buseresere, mkoani Geita, hata mchungaji akauawa. Ipo mihadhara ya pande zote mbili inayorushwa kwa vipaza sauti na kuwadhihaki wasiokuwapo. Zipo nyumba zilizovunjika kwa sababu binti alibadili dini ili aolewe, na zipo mama na mama ambao hawajasemezana tangu hapo. Mambo haya yasemwe pia mbele ya wageni wetu, na yasemwe na Mkristo na Mwislamu walioketi kiti kwa kiti, kila mmoja akieleza alivyoumia na alivyosamehe, au alivyoshindwa kusamehe. Msikilizaji wa Kijerumani aliyezoea kusikia upande mmoja ataona jinsi wanawake wawili wanavyoweza kuhitilafiana juu ya jambo la dini na kesho yake wakaazimana chumvi.

Najua wapo watakaosema kwamba huku ni kuchanganya dini. Nawaheshimu, maana baadhi yao ni wazee walionifundisha Katekisimu, na hofu yao si ya bure. Lakini sisemi tusali sala moja isiyo ya mtu yeyote. Nasema tusafiri pamoja, kila mmoja akiwa na dini yake kamili. Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya nne, aliwakumbusha watu wa Nazareti kwamba wakati wa njaa kuu nabii Eliya hakutumwa kwa mjane yeyote wa Israeli, bali kwa mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni, mwanamke wa taifa jingine aliyempikia mkate kutoka katika konzi yake ya mwisho ya unga. Majirani zangu nao wamenisimulia mara nyingi habari ya Waislamu wa mwanzo walioteswa Makka wakakimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, Najashi. Miongoni mwao walikuwamo wanawake, akiwamo Rukia binti ya Mtume, na Jaafari bin Abi Talib alipoulizwa juu ya imani yao alisoma mbele ya mfalme aya za Sura ya Maryamu, na mfalme akakataa kuwatoa kwa maadui zao. Hakuna aliyebadili dini katika simulizi hizi mbili kwa sababu ya kula pamoja au kupewa hifadhi siku ile. Wanawake wa Tanga wakisimulia habari hizo kwa pamoja katika ukumbi wa usharika wa Wuppertal, na kisha katika ukumbi wa msikiti wa Duisburg, watakuwa wamefanya kazi ambayo hotuba zetu za siku zote hazijaifanya.

Upande wa Waislamu nako kuna jambo la kuangaliwa kwa adabu, nalo ni safari ya mwanamke bila maharimu, yaani bila mumewe au ndugu wa kiume wa karibu asiyeweza kumwoa. Wapo wanaoshikilia kwamba haifai, na wapo wanaoona kwamba kundi la wanawake waaminifu linatosha kuondoa hofu. Si kazi yetu Wakristo kutoa fatwa. Kazi yetu ni kwenda mapema nyumbani kwa jirani, kuzungumza naye pamoja na mumewe au watoto wake wakubwa, na kumwachia muda wa kumuuliza sheikh wake. Na kama jibu litakuwa kwamba asafiri na ndugu yake, basi bajeti imwangalie na huyo. Chakula ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu katika miji ya Ruhr bucha za Waturuki ni nyingi na wenyeji wetu wamekwisha kuzizoea. Wapewe tu taarifa, pamoja na nyakati za sala, na wasiwapangie wageni ibada ya kanisani kana kwamba ni lazima kwa wote.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Wapo wanaohofu kwamba sadaka ya Mkristo wa Ujerumani haiwezi kumlipia Mwislamu nauli. Sadaka za namna hiyo zimekuwa zikiwahudumia Waislamu tangu hospitali na shule za kwanza za misioni. Huko Mji Mkongwe, Unguja, kazi ya ushonaji ya Upendo, iliyoanzishwa kwa msaada kutoka Denmark, inawafundisha cherehani wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo katika chumba kimoja, na wafadhili wake waliisaidia wakijua hivyo. Wenyeji wetu waandikiwe waziwazi, waelezwe sababu, na naamini wengi watafurahi, maana wao ndio wanaotuuliza kila mara tunaishije.

Vivyo hivyo wanapokuja kwetu tubadili utaratibu. Huwa tunawapokea kwa ngoma, tunawapeleka kanisani, shuleni na hospitalini, tunawapandisha Usambara wakaone mashamba na maporomoko, kisha tunawarudisha uwanja wa ndege. Wanaisikia adhana mara tano kwa siku na wanaondoka bila ya kukaa mkekani kwa mwanamke wa Kiislamu hata saa moja. Usiku mmoja au miwili walale katika nyumba hizo. Wanawake wa BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, wa mkoa na wa wilaya washirikishwe katika kupanga, na mwaliko utoke kwao, usiwe wa kusukumwa na sisi.

Naomba, basi, viongozi wa idara za wanawake katika dayosisi, pamoja na kamati za urafiki za sharika na majimbo, walilete jambo hili katika vikao vyao sasa, kabla majina ya safari zijazo hayajafungwa. Nasema sasa kwa sababu ya mambo ya makaratasi. Pasipoti yetu inalipiwa shilingi 150,000, na kwa mama anayeuza maandazi hiyo si fedha ya kutafutwa kwa wiki moja. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ujerumani, tangu mwaka 2024 ni yuro 90, inadai bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, barua ya mwaliko, uthibitisho wa nani atagharamia malazi, na mahojiano ambayo nafasi yake huweza kusubiriwa kwa wiki nyingi. Jirani atakayeingizwa mwishoni, baada ya wenzake kukamilisha, atabaki nyumbani kwa kukosa makaratasi, na tutasema kwamba tulimwalika akashindwa.

Kwa upande wangu nimekwisha kuiandikia kamati ya usharika wetu kumpendekeza jirani yangu wa miaka mingi, mama wa Kiislamu ambaye watoto wangu wanamwita mama mkubwa, na ambaye mumewe ameridhia. Nafasi za safari ijayo ni chache, na jina langu limo. Nimeomba liondolewe, liandikwe lake.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga